Asilimia Kumi ya Mgongo Wangu

Ijumaa, 2 Juni

Virginia ameniambia niandike mgongo wangu kila siku: ulivyoamka, ulivyolala, mguu umekufa ganzi mpaka wapi. Ati itanisaidia kujieleza mbele ya baraza la rufaa. Yeye ni rafiki yangu, nesi hapa Doha, hata sukari ya chai anaipima. Haya, naandika. Asubuhi mbaya, mchana mbaya, jioni mbaya. Nimemaliza. Kurasa zilizobaki nitaandika watu, maana mgongo hauniudhi peke yake.

Mimi ni Mumbua. Nilikuwa koplo jeshini kwetu Kenya, na lori letu lilipoingia mtaroni barabara ya Garissa nilikuwa nyuma na masanduku, na masanduku yalinilalia. Nilitolewa jeshini. Bodi ya madaktari ikakaa, ikaamua ulemavu wangu ni asilimia kumi. Kumi! Ukifika thelathini unatibiwa hospitali ya jeshi maisha yako yote, upasuaji na kila kitu. Ukiwa na kumi unapewa pole na vidonge.

Na kosa lilitoka mdomoni mwangu, hilo silifichi. Daktari wa bodi alikuwa meja. Aliingia, nikasimama wima. Akauliza, "Habari yako, koplo?" Nikajibu, "Mzima, afande!" Ndivyo tulivyofunzwa tangu tukiwa makuruti. Hata ukiwa umebeba utumbo mkononi, mkubwa akikuuliza, wewe ni mzima. Meja akaandika: mgonjwa anasema ni mzima. Raia hawezi kufanya upumbavu wa namna hii. Ni sisi tu.

Sasa mguu wa kushoto unapoteza hisia. Daktari mmoja Nairobi aliniambia nisipopasuliwa mgongo nitauburura, halafu nitaacha hata kuuburura. Nimekata rufaa. Na huku nangoja, nalinda mageti Doha.

Jumapili, 4 Juni

Kila alfajiri basi la kampuni likifika hapa Al Mansoura tunakolala walinzi, msimamizi wetu Laban anapanda na kuuliza, "Kuna mgonjwa?" Sote tunajibu, "Hakuna!" Hata mwenye homa anajibu hakuna. Ukisema uko mgonjwa unapelekwa kupimwa, ofisi inajulishwa, na ofisi haina kazi ya mlinzi mgonjwa. Unapewa tiketi ya kwenda kwenu na asante.

Kwa hiyo naambia Nairobi mimi ni mgonjwa, naambia Doha mimi ni mzima. Na Laban huyo ananitazama. Ni Mluhya wa Vihiga, mpole wa kupitiliza, na mimi watu wapole huwa siwaamini. Ananiita Koplo. Sikumbuki nilimwambia lini kwamba nilikuwa jeshini.

Jumatatu, 5 Juni

Joto. Barua pepe kutoka baraza: hakuna.

Ijumaa, 9 Juni

Kanisani Mesaimeer. Mchungaji alisema tusimame kwa sifa, tukasimama, tukaendelea kusimama. Watu wa kwetu wakianza kusifu hawajui kukoma. Nikaanza kuhamisha uzito mguu huu, mguu ule. Kugeuka, Laban yuko safu ya nyuma, macho kwangu. Nikaanza kucheza kuliko wote, nikaruka na vigelegele juu. Velma, Mganda tunayelala naye chumba kimoja, akaninong'oneza kwa mshangao wa Kiganda, "Banange, Roho amekushukia?" Nikamwambia ndiyo. Tuliporudi nyumbani ni yeye aliyenivua viatu.

Jumatano, 14 Juni

Nilijua tu. Nimehamishwa. Nilikuwa ndani ya jengo la ofisi lenye baridi, na Velma, na wenzangu wa kupiga nao soga. Sasa Laban ananitupa Al Wukair, geti la makazi mapya, peke yangu, nyumba nusu hazina watu. Nilimuuliza kwa nini.

"Ni mabadiliko tu, Koplo."

"Mabadiliko ya nani?"

"Ya ratiba," akasema, akaangalia simu yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ananitenga ili nianguke bila shahidi.

Jumanne, 20 Juni

Wukair kuna vumbi, kibanda cha kioo, kiti, na kizuizi cha barabara ninachoinua kwa mkono kwa sababu kile cha umeme kimeharibika. Nashukuru angalau kiti. Madereva wengine wananiona nikiinuka, wanashuka wenyewe wanainua. Sijui nani kawafunza adabu.

Jumatano, 28 Juni

Idd. Mama mmoja wa nyumba za ndani ameniletea sinia ya wali na nyama ya mbuzi, akasema, "Kuli, kuli," yaani kula, kula. Nimekula mpaka nimesahau kuumwa.

Ijumaa, 30 Juni

Nimegombana na Virginia. Baraza limeandika linataka picha ya MRI mpya na ripoti ya daktari. Mimi nikasema siendi. Picha hiyo ikifika kampuni nimekwisha. Virginia akasema kuna kliniki binafsi, natoa pesa yangu, haiendi popote.

"Doha hii kila kitu kinaenda mahali," nikamwambia.

"Mumbua, mficha maradhi kifo humwumbua."

"Methali haitanilipia kodi ya nyumba ya mama."

"Na mguu ukifa utalinda geti gani?" Alisema polepole, kama anamwambia mgonjwa wodini, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. Niliondoka bila kumuaga. Nimejuta kabla sijafika kituo cha basi, lakini sikurudi.

Jumatatu, 3 Julai

Sikulala. Ukilala chali unaamka na mguu wa mtu mwingine. Velma ameniachia kitanda cha chini, yeye kapanda juu, ingawa anaogopa vitanda vya juu tangu shule ya bweni.

Ijumaa, 7 Julai

Nimeenda. Virginia alinisindikiza na hakusema "nilikwambia," Mungu ambariki. Ndani ya ile mashine unaambiwa usitikisike, na mimi tangu mwezi wa tano sijui kutulia. Nilihesabu majina ya wanakombania wenzangu kwa mpangilio wa gwaride. Daktari, Mhindi mzee, alinionyesha picha. Hapa, akasema, na hapa. Diski mbili zimetoka mahali pake na moja inakalia mshipa. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nakaa nyumbani.

Alinitazama viatu. Nilikuwa nimevaa buti za kazi.

Jumanne, 11 Julai

Nimetuma ripoti. Barua pepe: "Imepokelewa." Neno moja, bila hata jina la mtu.

Jumapili, 16 Julai

Unyevu umeanza. Ukitoka kibandani shati linakushika kama umetoka kuogelea. Laban alipita na gari, akaniuliza kama kiti kiko sawa. Nikamwambia kiti ni kiti. Akacheka kidogo, akaacha chupa za maji, akaenda. Nilizikagua zile chupa kama zimefunguliwa. Aki nimefika mbali.

Jumanne, 25 Julai

Tarehe imetoka. Baraza litanisikiliza kwa video Jumanne tarehe nane, saa nne asubuhi; saa ya Nairobi na ya Doha ni moja. Nisipotokea, rufaa inafungwa na asilimia kumi ndiyo ya milele.

Jumanne! Niko zamu.

Jumatano, 26 Julai. Alhamisi. Ijumaa.

Nimewaza uongo. Benki? Ubalozi? Nifiwe na shangazi? Shangazi nimeshamuua mwaka jana.

Jumanne, 1 Agosti

Nimemwomba Laban siku moja. Nikasema ni mambo ya ubalozi.

"Tarehe nane siwezi, Koplo. Wawili wako likizo, sina wa kuweka."

"Ni muhimu."

"Ya ubalozi inachukua siku nzima?"

"Ni kwa video," nikasema, na papo hapo nikaona nimejikata mwenyewe. Ubalozi gani unakuita kwa video?

Hakuuliza. Akasema, "Fanyia kibandani. Nitakuja nishike geti mpaka umalize."

Msimamizi mzima, Agosti, asimame juani kwa ajili yangu. Velma anasema ni mtu mzuri. Mimi nasema anataka kusikiliza kila neno kupitia kioo.

Jumatatu, 7 Agosti

Virginia amenifanyisha mazoezi kwa simu. Ananiuliza, "Habari yako?" na mimi natakiwa kujibu, "Siko sawa." Tumerudia mpaka nimeshiba. Siko sawa, siko sawa, siko sawa. Rahisi kabisa.

Jumanne, 8 Agosti

Niandike yote kabla sijayapamba.

Laban alikuja mapema, akavaa kofia, akasimama getini. Mimi nikafunga mlango wa kibanda, nikaegemeza simu kwenye birika la chai. Saa nne wakatokea: mwenyekiti, ambaye ni brigedia mstaafu mwenye kichwa cheupe; daktari mwanamke mwenye miwani; na karani.

Brigedia akasema kwa sauti ile ninayoijua tangu nina miaka kumi na tisa, "Habari ya Doha, koplo?"

Nikasimama. Sikuamua kusimama, mwili ulisimama. Visigino vikagongana. Nikasema, "Mzima, afande!"

Nilitaka ardhi ya Wukair inimeze, na vumbi lake.

Brigedia akatazama makaratasi. "Unasema mzima. Na naona hapa umeajiriwa ulinzi. Zamu ya saa kumi na mbili kwa siku?"

"Ndiyo, afande."

"Unasimama?"

"Afande, mimi si mzima. Ni mazoea. Tafadhali."

"Koplo, wengi wanakuja hapa. Yule anayeshindwa kutembea anakaa kwao. Wewe ulipita vipimo vya kwenda ughaibuni, unafanya kazi. Baraza linaelewa nini?"

Nilikuwa bado nimesimama. Nikataka kukaa nijieleze, na pale nilipokunja kiuno mgongo ukanifunga. Unafunga hivi: kwanza moto, halafu hakuna mguu. Nilishika meza, birika likaanguka na simu ikaanguka nalo, na mimi nikafuata. Nikawa nimelala sakafuni, simu imelala karibu, brigedia anatazama dari ya kibanda na kuita, "Koplo? Koplo?" Nilijua wanafikiri nini. Igizo. Hata mimi ningekuwa brigedia ningefikiri ni igizo.

Mlango ukafunguliwa. Laban hakuniinua, na hapo ndipo niliposhangaa kwanza, maana kila mtu hukimbilia kuniinua na kuniharibu zaidi. Alikunja jaketi lake akaliweka chini ya magoti yangu, akaniacha nipumue. Halafu akaokota simu.

"Hujambo, mzee. Samahani. Mimi ni Laban Amugune, msimamizi wake kazini."

Nilimpungia mkono anyamaze. Nilisema kwa midomo, usiseme, usiseme. Akaniona, akageuza uso.

Brigedia akamuuliza kama ameona tukio kama hili awali.

"Nimeona tangu mwezi wa tatu, mzee. Alikuwa kwenye jengo la kusimama, hakuna kiti hata kimoja, na kuna kamera. Alikuwa anaenda chooni kulala sakafuni, wenzake wanamfichia. Nikamtoa nikamleta hapa kwa sababu hapa kuna kiti na wakaguzi hawafiki. Nimewaomba madereva wainue kizuizi wenyewe. Akiinuka kutoka kwenye kiti anajisukuma kwa mikono miwili, kila mara, hata asipojua kama natazama. Mguu wa kushoto anaupiga ngumi kuuamsha. Kanisani anacheza, ndiyo, nimemwona akicheza. Kesho yake hakuweza kupanda ngazi ya basi, Mganda mmoja akamsukuma kwa nyuma wakijifanya wanataniana."

Daktari mwenye miwani akauliza, "Na ofisi yenu inajua?"

"Hapana, daktari. Nilipaswa kuwaambia. Sikuwaambia."

"Unaelewa kwamba maneno haya yanaandikwa? Tukishaamua, nakala itakwenda kwa kampuni yenu."

Nje gari likapiga honi, mtu anataka kuingia kwake. Laban akatazama getini, hakutoka. Ana watoto wanne Vihiga na mdogo wake chuoni, hilo kila mtu kwenye basi analijua.

"Ninaelewa," akasema. "Jina la pili ni Amugune. Nikutajie herufi?"

Baadaye alinikalisha, akaenda kufungulia lile gari, akamwomba dereva msamaha. Moyoni nilimwita nyoka tangu Juni na sasa sikuwa na neno lingine tayari.

Jumatano, 9 Agosti

"Kuna mgonjwa?" Hakuna. Hakunitazama.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimewaeleza Virginia na Velma yote, nje ya kanisa, tukila mandazi. Velma akalia. Kumbe kuna jambo sikulijua: Laban ndiye aliyemwomba aniachie kitanda cha chini. "Alinikataza kukwambia," akasema. "Alisema utakasirika." Na ningekasirika, si kidogo. Mimi ni mtu wa namna gani? Kiangazi chote nimetafuta adui, na aliyekuwa karibu zaidi ndiye nimemchagua.

Jumapili, 20 Agosti

Barua pepe: hakuna. Naamka kuangalia, nalala, naamka kuangalia. Hata sijui naogopa ipi zaidi, itakayokuja kwangu au itakayokwenda kampuni.

Alhamisi, 24 Agosti

Nilimwambia Laban, "Asante." Nimechukua wiki mbili kutoa neno hilo. Akasema, "Ya nini sasa, Koplo?" akaenda kukagua taa.

Jumapili, 27 Agosti

Asilimia thelathini na tano.

Nimesoma mara ya kwanza nikafikiri ni ya mtu mwingine. Nina haki ya kutibiwa hospitali ya jeshi. Nifike kabla ya Septemba kuisha, nitapangiwa upasuaji. Wameandika kwamba wameridhika na picha na "hususan ushahidi wa msimamizi wake wa kazi." Nilimpigia mama, akaanza kuomba hapo hapo kwa Kikamba mpaka salio langu likaisha.

Jumanne, 5 Septemba

Asubuhi basi lilikuja na aliyepanda kuuliza alikuwa Mike, kijana wa zamu ya usiku. "Kuna mgonjwa?" Watu wakajibu. Mimi nikauliza, "Laban yuko wapi?"

Mike akaangalia pembeni. Barua kutoka Nairobi ilifika ofisini Alhamisi. Laban aliitwa Jumapili. Kuficha mlinzi asiyefaa kazi, kubadilisha ratiba bila idhini. Hawakumfukuza kwa sababu ya miaka yake ya kazi, lakini wamemvua usimamizi. Ni mlinzi wa kawaida sasa, yuko maegesho ya malori kule viwandani. Mimi pia nimeitwa ofisini, ya kwangu niliijua. Nilienda na barua ya kuacha kazi tayari nimeiandika, wakaipokea kabla sijakaa.

Hasira iliyonishika sikuweza kuielekeza popote. Kampuni? Baraza? Walifanya walichosema watafanya. Niliyeogopa barua hiyo tangu Juni ni mimi, na imekwenda kwa mwingine.

Ijumaa, 8 Septemba

Laban hakuja kanisani. Yuko zamu. Tiketi yangu ni Jumatatu.

Jumapili, 10 Septemba

Nimepanda mabasi mawili kumtafuta. Maegesho hayana kibanda. Kuna mnyororo, nguzo, na mahali pa kusimama. Alikuwa amevaa sare kama yetu, ya mlinzi wa cheo cha chini kabisa, na shingo imeungua. Aliponiona akasema, "Koplo, umepotea njia?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakatoka vibaya. Nikamwambia nitaiandikia kampuni. Nitasema nilimdanganya, kwamba hakujua chochote, kwamba mgongo niliuficha hata kwake. Nitaapa. Mimi naondoka, hawawezi kunifanya kitu.

"Na baraza likisoma kwamba ulinidanganya?" akauliza. "Si watarudisha kumi yao?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Yeye alikuwa amelifikiria.

Lori likaja. Akafungua mnyororo, akauvuta mpaka ukutani, lori likapita, akaurudisha. Ni mzito, unaona kwa namna anavyokunja magoti.

"Laban, wewe huumii moyoni?" nikasema. "Hunikasirikii hata kidogo?"

"Nilikasirika. Jumapili nilikasirika sana, hata mke wangu simu sikumpokelea." Akajifuta uso kwa kofia. "Imepita kidogo. Si yote."

"Sasa nifanye nini? Niambie kitu nifanye."

Lori lingine lilikuwa linakuja. Akashika mnyororo.

"Nenda ukatengenezwe," akasema. "Mimi mgongo ninao."

Nililia kwenye basi la kwanza na la pili, na mama mmoja Mfilipino akanipa tishu pakiti nzima bila kuniuliza kitu.